Bakuli la Kuoshea Mashine

Kabla ya yote ilikuwa sauti. Siusemi mlio wa kila siku wa mashine ya kusaga, ambao Baba Tito, mwenye mashine, aliukuza kwa kufunga kopo la rangi kwenye bomba la moshi ili wanawake wa ng'ambo ya bonde wajue kwamba leo dizeli ipo. Mlio huo ulikuwa na mdundo wa kutuliza, na sisi watoto wa kijiji cha Maguu tuliuzoea kiasi kwamba tuliweza kutwanga kwa kuufuata. Sauti ninayoisema ilikuwa nyingine. Ilianzia chini, kama kiti kizito kinachoburutwa juu ya saruji, ikapanda, ikawa nyembamba, ikaingia kwenye meno yangu na kukaa humo. Nilikuwa ndani ya kibanda, nimeikumbatia ndoo ya ngano kwa mikono miwili, na bakuli la bati lililojaa ngano limekalishwa juu yake. Nilikuwa na miaka tisa, au labda kumi. Nimejaribu kuhesabu mara kadhaa na sipati jibu moja.

"Mwaga, mwaga," Baba Tito alisema kutoka upande wa injini, bila kugeuka. "Mawe yanakulana."

Nikamwaga.

Tendo hilo halikuchukua muda mrefu kuliko mtu kupiga chafya mara mbili. Nimelibeba tangu siku ile bila kulitaja kwa mtu yeyote, na ninaliandika sasa kwa sababu wiki iliyopita niliisikia sauti ile tena, mahali ambapo sikuitarajia.

Ninasomea nafaka. Shahada hii ya uzamivu imenifanya nishinde maabara, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kusaga mbegu kidogo kidogo katika mashine isiyozidi ukubwa wa redio ya mezani. Siku hiyo fundi wa maabara, mama wa makamo mwenye subira, alikuwa akinielekeza mashine mpya. Sampuli iliyotangulia ilikuwa mahindi. Mahindi yakaisha, na mawe yake madogo yakapanda sauti vilevile, kutoka chini hadi kwenye meno. "Sasa chukua kidogo ya sampuli yako inayofuata, isage, halafu uitupe," aliniambia. "Hiyo ni ya kuoshea. Ukiweka yote moja kwa moja utapima vitu viwili ukidhani unapima kimoja."

Niliweka kijiko mezani, nikatafuta stuli, nikakaa. Aliniuliza kama nilikuwa nimekula. Nikamjibu kwamba nimekula. Kwa kweli nilikuwa sijala, lakini njaa siyo iliyonikalisha. Tangu siku hiyo sampuli zangu zimo ndani ya mifuko yake, zimeandikwa majina, na mimi sijagusa hata moja.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile, hata kama hatukujua wakati huo kwamba ilikuwa na jina. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Lori la ushirika, lililokuwa peke yake likipanda kuja kuchukua kahawa yetu, lilianza kukutana njiani na malori ya watu binafsi, kila moja na mizani yake. Duka la kijijini, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na chumvi, viberiti na rafu tupu, likaanza kupata vitu ambavyo hata mwenye duka hakujua kuvieleza. Mashine ya kusagia ya kijiji ilikuwa imekufa na kuota kutu, na Baba Tito, mkulima kama sisi, ndiye aliyeleta ya kwanza ya mtu binafsi. Kabla ya hapo, ngano tuliyoipanda kwenye ngolo, yale mashimo ya mteremkoni ya kuzuia maji, kwa kupokezana na maharage ilisagwa juu ya jiwe, na anayesaga alikuwa mama yangu mdogo, Kandida.

Kandida alikuwa mdogo wake mama, na tulikuwa tukilala naye kitanda kimoja katika chumba cha nyuma ya ghala. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwa masista wa misheni tangu usichana wake, kwanza kama mwosha masufuria, baadaye kama mtu wa tambi. Sista mzee aliyemfundisha kuzitengeneza alirudi kwao Ulaya, jiko likapunguzwa watu, na Kandida akarudi nyumbani kwa dada yake akiwa na furushi la kanga, kisu kimoja chembamba na chupa tupu ya divai ya misa. Chupa hiyo ndiyo iliyokuwa mti wake wa kusukumia. Alisema mti wa kawaida ni mwepesi na unabembeleza, ilhali tambi hazitaki kubembelezwa.

Alizitengeneza siku za Pasaka, Krismasi, na siku mtoto wa nyumbani alipopata Komunyo ya kwanza. Nikifumba macho naweza kuzifuata hatua zote. Unga ukitoka mashineni ulikuwa wa moto kama kitu kilichokuwa kifuani mwa mtu, na ulinukia majani makavu yaliyolowa mvua ya kwanza. Aliutandaza juu ya ungo upoe, kwa sababu, alisema, unga wa moto unayanywa mayai kwa pupa. Ulipopoa aliuchekecha, akaufanya kichuguu mezani, akakichimba katikati, akavunjia humo mayai ya kuku wetu, kiini chekundu juu ya kiini chekundu, na chumvi ya kunyunyiza. Halafu alikanda mpaka donge likawa laini kama nyama ya chini ya sikio. Hapo aliniita nishike sikio langu kwa mkono mmoja na donge kwa mkono mwingine, niseme kama vinafanana. Nilichukulia kazi hiyo kwa uzito mkubwa. Akalifunika kwa bakuli lipumzike, akalisukuma kwa chupa mpaka mistari ya ubao wa meza ikaonekana chini yake, akalikunja kama barua, akakata kwa kile kisu, akatikisa. Tambi zikafunguka mikononi mwake, ndefu, za rangi ya siagi. Alizianika juu ya fito safi zilizolazwa kati ya migongo ya viti viwili, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukimbia ndani ya nyumba mpaka zikauke.

Mashine ya Baba Tito ilimwondolea jiwe, lakini ilimletea wasiwasi mpya. Kijiji kizima kilisaga mahindi humo. Unga wa mtu aliyetangulia hubaki ndani ya mawe, na kwa anayekula ugali hilo halina neno, mahindi kwa mahindi. Ngano ikipita juu ya mahindi hayo huyabeba, na donge lenye mahindi ndani yake halishikani. Kwa hiyo mtu mwenye ngano alikuwa na desturi yake: alikuja na bakuli la ziada, lilisagwa kwanza peke yake ili kuyaosha mawe, na unga wake mchafu wakapewa kuku wa Baba Tito, waliokuwa wakizunguka kibanda kila siku kama waumini wanaosubiri kengele. Kila aliponituma, Kandida alinikumbusha somo lilelile.

"Bakuli kwanza. Ndipo ndoo."

"Bakuli lote, mama mdogo?"

"Lote. Usilionee huruma."

Mimi nililionea huruma. Nilikuwa mtoto wa hesabu, wa kupima kila kitu mara mbili, na niliona bakuli zima la ngano nzuri likiliwa na kuku wasio wetu. Lakini nataka niwe sahihi, maana nimekuwa na muda wa kutosha kulichunguza jambo hili: siku ninayoieleza sikumwaga kwa sababu ya choyo. Nilimwaga kwa sababu ya ile sauti. Mtu aliyenitangulia, Mama Oresta, alikuwa amemaliza mahindi yake. Kwa kawaida mtu mzima alikuwepo wa kunyanyua bakuli, lakini asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, watu walikuwa wachache, na Baba Tito alikuwa ameinamia injini. Mawe yakabaki matupu. Sikuwahi kuyasikia yakilia hivyo. Aliposema yanakulana, nilimwamini neno kwa neno, nikayaona yakimalizana mle ndani na baada ya hapo yakitafuta kitu kingine cha kula, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikapanda juu ya kigogo, nikamimina bakuli na ndoo kwa pamoja, vyote, kwenye mdomo wa mashine. Sauti ikashuka papo hapo, na meno yangu yakaachia.

Baba Tito alipokuja kushika mfuko wa unga aliliona bakuli likiwa tupu mkononi mwangu, akatazama chini, akatazama kuku wake.

"Leo hawa wako Kwaresima," alisema.

Mama Oresta, aliyekuwa akifunga mzigo wake, akacheka. "Mwache mtoto. Hiyo ni ngano ya masista, siyo ya kuku wako. Wewe, mwambie mama yako mdogo akishapata lile jiko asijifanye hatujui."

Hapa lazima nieleze jiko lenyewe. Misheni ilikuwa imeamua kufungua nyumba ya wageni, kwa kuwa siku hizo watu wengi walikuwa wakipita, wanunuzi wa kahawa na wengineo, na hawakuwa na mahali pa kulala. Ilihitajika mpishi mkuu, mwenye barua ya kuajiriwa na chumba chake. Walioomba walikuwa wengi, wakabaki wawili: Kandida, na mwanamke mwingine aliyetoka mjini Mbinga. Sista Mkuu aliamua kwamba kila mmoja apike chakula cha mchana kimoja, siku mbili zinazofuatana, na sharti lilikuwa sahani ya tambi, kwa sababu wageni walikuwa wakiziulizia. Nyumbani kwetu habari hiyo ilipokewa kama jambo lililokwisha malizika. Nani, kutoka Namswea hadi ziwani, alijua tambi kuliko Kandida?

Nilichokielewa mimi kilikuwa kimoja tu. Akipata jiko, ataondoka. Misheni ilikuwa mwendo wa nusu siku, na kitanda kingekuwa na mtu mmoja. Mama alikuwa na mtoto mchanga na kahawa ya kuchuma. Aliyenisuka nywele, aliyeyasikiliza masomo yangu, aliyejua kwamba siwezi kulala nikiwa na swali, alikuwa Kandida. Kwa akili yangu ya wakati ule mambo yalikuwa mawili: jiko, au sisi.

Lilikuwepo la tatu, na nililila bila kulijua. Msimu ule mzee mmoja wa ziwani alikuwa amefika kwetu mara tatu, kila mara na samaki wakavu, mbasa wakubwa, waliofungwa kwa majani ya mgomba. Alikaa na baba uani, wakazungumza taratibu, akaondoka bila kupokea chochote. Nilimwona kuwa mfanyabiashara mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona, na nilimhurumia. Alikuwa mshenga. Alitumwa na mvuvi wa huko chini aliyefiwa na mke, mwenye watoto watatu, na baba alikuwa amemwambia kwamba jibu litatolewa kahawa ikishauzwa, kwa sababu shemeji yake, Kandida, anasubiri jambo la masista. Akilipata, yeye mwenyewe ana pa kukaa na hakuna wa kumsukuma. Akilikosa, hawezi kuendelea kulala nyuma ya ghala la dada yake mpaka uzeeni. Kandida alilijua hilo. Kila mtu mzima alilijua. Mimi nilikuwa nikiwatoa miiba wale samaki.

Nilipofika nyumbani na unga, Kandida aliunyanyua mfuko, akashangaa uzito wake.

"Leo mzigo umejaa. Umemshikilia Baba Tito mfuko vizuri."

Alinishika kidevu, akaniambia nina mikono ya kazi. Hakuna sifa niliyowahi kupewa chuoni iliyonikaa kama ile.

Alikanda baada ya chakula cha mchana. Mwanzoni sikuona tofauti, wala sidhani yeye aliiona, maana mahindi yaliyosagwa laini hujificha vizuri ndani ya ngano. Tofauti ilijitokeza wakati wa kusukuma. Donge lilitanuka katikati, likafika ukingoni, likakatika. Akalikusanya, akaongeza yai, akalipumzisha, akasukuma tena. Likakatika ukingoni. Akafunga dirisha akisema ni baridi. Akanawa mikono kwa maji ya moto, akaikausha, akaitazama pande zote mbili.

"Hii mikono leo imeingiwa na nini," alisema. Hakuwa akiniuliza mimi.

Hapa ndipo penye kosa langu. Lile la mashine ninaweza kumsamehe mtoto aliyeogopa sauti. Lakini pale mezani nilikuwa nimekwisha elewa. Sikuelewa kwa maneno ambayo ningeyatumia leo, ya uwiano na mshikamano wa unga. Nilielewa kama mtoto anavyoelewa, tumboni. Nilijua sikuyaosha mawe. Nilijua ndiyo sababu donge linakatika. Na nilijua mambo mengine mawili ambayo yananizuia kujitetea: kwamba ghalani kulikuwa na karibu nusu debe ya ngano isiyosagwa, na kwamba mashine ilikuwa bado inafanya kazi, kwa sababu mlio wake ulikuwa ukituingilia pale jikoni, mdundo uleule wa kutuliza, wakati yeye akisukuma na kukusanya, akisukuma na kukusanya. Nusu saa ya kwenda na kurudi ingetosha. Ningesema sentensi moja.

Sikusema, na si kwa kuogopa fimbo, maana Kandida hakuwahi kunipiga. Sikusema kwa sababu niliitazama ile karatasi ya unga ikichanika nikafikiri: basi hataondoka. Nilihisi furaha, ndogo na yenye joto, nikasogea karibu yake kwenye benchi. Aliweka mkono wake wenye unga kichwani pangu. Alidhani nilikuwa nikimfariji.

Kesho yake alfajiri tulikwenda misheni pamoja, mimi nimebeba ungo wa tambi uliofunikwa kitambaa. Zilikuwa fupi kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa amekata sehemu za katikati tu, zile zilizoshika. Zikiwa kavu zilionekana nzuri. Niliruhusiwa kukaa mlangoni mwa jiko, na kutoka hapo nilimwona akizitia kwenye maji yanayochemka, akikoroga mara moja kwa mwiko kama alivyofanya siku zote, kisha akisimama. Maji yakawa meupe. Yakawa mazito. Alipochota, mwiko ulitoka na kitu kama uji wenye vipande. Alizima moto kwa kutoa kuni moja moja, bila haraka, akamwaga kilichobaki kwenye bakuli la mezani, akalipanguza ukingo wake kwa kitambaa safi, akalipeleka mwenyewe mbele ya Sista Mkuu.

Sista alionja. Alikuwa mtu mwema, na wema wake niliuona mgumu kuliko ukali. "Kandida," alisema, "umetutumikia vizuri muda mrefu. Labda umechoka, mwanangu."

Yule mwingine alikuwa amepika siku iliyotangulia. Baadaye tulisikia kwamba alinunua tambi za paketi katika duka jipya la mjini, akazichemsha kama maelekezo yalivyosema, nazo hazikukatika. Jiko akapewa yeye. Sina kinyongo naye, alitumia kilichokuwepo.

Wakati wa kurudi Kandida alitembea mbele. Kwenye kilima cha mwisho alisimama ili nimfikie, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Mikono yangu imekufa." Nikamshika mmoja. Nilikuwa na furaha. Naiandika sentensi hiyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimeshajaribu kuiandika kwa namna tatu nyingine zenye heshima zaidi, na zote zilikuwa za uongo.

Kahawa ilipouzwa, mzee wa samaki alikuja mara ya nne, na safari hii hakuja peke yake. Siku Kandida alipoteremka kwenda ziwani, karibu na Lituhi, kwenye nyumba ya yule mvuvi mwenye watoto watatu, nilimwuliza mama atarudi lini. Mama alinitazama kana kwamba nimeuliza mvua itarudi lini juu mawinguni. Kisu chembamba alikwenda nacho. Ile chupa aliiacha juu ya meza ya jikoni, na mama akaitia mafuta ya taa.

Sitaki kumwonea mumewe. Baba mdogo alikuwa, na bado ni, mtu mpole, na sikuwahi kusikia kwamba alimnyanyulia mkono. Kila likizo niliyoteremka kwao nilimkuta Kandida akianika dagaa wa usipa, akitwanga muhogo, akiwalea watoto aliowakuta na wawili aliowazaa, akiwa na maneno machache kuliko zamani lakini si bila kucheka. Hata hivyo, baba mdogo alikuwa na utani mmoja, na aliutoa kila palipokuwa na wageni. "Mimi niliambiwa naoa mpishi wa masista," alikuwa akisema, "nikaletewa mpika uji." Watu walicheka. Kandida pia alicheka, akiwa ameficha mikono ndani ya kanga. Nilipomwomba mara moja, nikiwa sekondari, anitengenezee tambi, alijibu kwamba mikono hiyo aliiacha misheni. Duka la pale lilikuwa na paketi. Alinichemshia paketi.

Nimejiuliza kwa nini sikusema. Katika kila umri nilikuwa na sababu iliyoonekana kamili. Nilipokuwa mdogo, sikutaka achukie. Nilipokuwa sekondari nilifikiri ameshasahau, na kumkumbusha ni kumtonesha. Nilipofika chuo niliona kwamba ndoa haitenguliwi na habari ya unga, kwa hiyo kusema kungenifaa mimi tu. Sababu hii ya mwisho ilinitosha muda mrefu kwa sababu ilifanana na ukomavu. Lakini nikiwa juu ya ile stuli ya maabara nililiona pengo lake. Haikuwa habari ya kumwomba Kandida msamaha tu. Kulikuwa na kitu chake mikononi mwangu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiamini jambo lisilo la kweli kuhusu mwili wake mwenyewe, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba si kweli alikuwa mimi.

Hata baada ya kulijua hilo nilikaa siku nne. Niliandika kwenye karatasi nitakachosema, kwa mpangilio, kama mtu anayejiandaa kwa jopo la watahini. Nikakata, nikaandika upya. Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilitoka nje ya jengo la maabara, nikaketi kwenye ngazi, nikapiga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unapiga siku ya kazi?"

"Nataka kukwambia habari ya tambi."

"Tambi zipi?"

"Zile za misheni."

Nyuma yake nilisikia mtu akitwanga, halafu akiacha kutwanga. "Haya, sema," alisema.

Karatasi niliiacha mapajani. Nilimsimulia sauti ya mawe, bakuli na ndoo kwa pamoja, kuku waliokosa chakula chao. Nilimsimulia meza, na ghala, na mashine iliyokuwa bado inasikika. Nilimwambia kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza kwa sababu nilitaka abaki.

"Mama mdogo, upo?"

"Nipo. Yalikuwa mahindi ya nani?"

"Ya Mama Oresta."

"Mengi?"

"Sijui yaliyobaki kwenye mawe. Labda bakuli moja. Labda pungufu."

"Bakuli moja linatosha," alisema. Ilikuwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni, sauti ya mtu wa tambi. "Ndiyo maana lilikuwa linakatikia pembeni. Katikati linashika, pembeni linakatika. Mimi nikafunga dirisha. Nikasema baridi." Akavuta pumzi. "Na yai nililoongeza ndilo lililozidi kuharibu."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Ulikuwa hutaki niende."

"Sikutaka."

"Ungesema hutaki. Ungelia tu kama watoto wa watu." Nikamsikia akimwambia anayetwanga asianze tena. "Hilo nitakukasirikia, nakwambia kabisa. Nitakukasirikia kesho. Leo ngoja kwanza, usikate."

Nikasikia nyayo zake, kisha akimwita mtu kwa Kinyasa, kisha kiti kikisogezwa. Sauti ya simu ikabadilika, ikawa pana, na ndani yake kulikuwa na mtu mwingine anayekohoa.

"Nimeweka sauti kubwa," Kandida alisema. "Baba yako mdogo yuko hapa, nimemkalisha. Rudia yote, kuanzia mashine. Sema taratibu, sikio lake la kushoto halishiki. Na ukifika pale pa mikono yangu, pale useme mara mbili."

Nikasimama kwenye ngazi, nikasema, "Shikamoo, baba mdogo," nikaanza upya.